Vipande Tisa vya Mjomba

Kipande cha sita hakikufika. Cha kwanza hadi cha tano vilishaingia kwenye kompyuta ya Mama, cha saba hadi cha tisa navyo vipo, lakini cha sita kilipotelea njiani kati ya Uingereza na Dar es Salaam, na kikao cha kwanza cha kamati ya harusi ya mteja wa Mama kilikuwa Jumamosi. Bila hicho kimoja, vile vinane vilikuwa havifai kitu.

Mwaka ni 1995. Mama alikuwa ameacha kazi ya ukatibu muhtasi na kufungua biashara ya kuchapa barazani kwetu, Magomeni. Alikuwa na taipureta moja, kompyuta ya mtumba aliyoinunua kwa hela ya upatu, na printa ya pini iliyokuwa ikilia hadi nyumba ya tatu. Alichapa barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao, risala za wageni rasmi, na zaidi ya yote kadi za kuomba michango ya harusi. Hapo kwenye kadi ndipo wateja walipoanza kumponyoka. Walitaka maua pembezoni na herufi za madoido, na kompyuta ya Mama haikuwa na programu ya kuyachora. Pa kuipata hapakuwa rahisi, maana nchi ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, na hata baada ya mlango kufunguliwa, kompyuta mitaani zilibaki za kuhesabu.

Mjomba, mdogo wake Mama, alikuwa masomoni Uingereza. Alipopata habari ya shida ya dada yake aliingia kwenye hazina ya programu iliyokuwa Imperial College, London, ambamo mtu mwenye kompyuta ya chuo aliweza kuchukua programu za kugawiwa bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Akaipata ya kadi. Akainakili kwenye diski, akaitia kwenye bahasha na kuipeleka posta. Bahasha ilifika, diski ndani yake imekunjika katikati. Ndipo akaandika: “Dada, nitaituma kwa imeili, kupitia kwa shangazi yao. Itakuja vipande vipande. Usifute hata kimoja.”

Mama aliuliza swali la maana kabisa: barua inabebaje programu?

Kwa kweli haikuwa na uwezo wa kuibeba. Kanuni ya kusafirisha barua za kompyuta, aliyoiandika Jon Postel mwaka 1982, ilipitisha maandishi matupu ya Kiingereza: herufi, tarakimu na alama za uandishi, biti saba kwa kila moja. Programu hutumia biti zote nane. Ukiitia kwenye barua jinsi ilivyo, biti ya nane inaweza kukatwa njiani, na kitakachofika hakina faida. Lakini dawa ilishapatikana hata kabla ya kanuni hiyo. Mwaka 1980 Mary Ann Horton, akiwa mwanafunzi Berkeley, California, alitunga programu iliyochukua baiti tatu, zenye biti 24 kwa jumla, ikazigawa mafungu manne ya biti sita sita. Kila fungu ni namba kati ya 0 na 63. Iongezee 32, na namba hiyo inakuwa alama inayochapika na inayopita kwenye barua yoyote. Herufi tatu za neno Dar, kwa mfano, hutoka zikiwa 1&%R. Mpokeaji huendesha programu ya pili inayotoa ile 32 na kuziunganisha biti upya. Programu hizo mbili ziliitwa uuencode na uudecode, na kwa miaka mingi, wengi wa waliopata programu au picha kwa barua walizipata kwa njia ya mwanamke huyo. Nadhani jina lake lilistahili kujulikana zaidi ya hivi linavyojulikana.

Gharama yake ni uzito. Kila baiti 45 za programu zinakuwa mstari wa alama 61, yaani mzigo unaongezeka kwa zaidi ya theluthi. Kwa hiyo Mjomba kwanza aliibana programu mpaka ikabaki kilobaiti 300, ndipo akaigeuza kuwa maandishi. Ilitoka mistari 6,827. Malango mengi ya njiani, yaani kompyuta za kupokezana barua, yalikataa barua inayozidi kilobaiti 64, kwa hiyo aliikata kila baada ya mistari 800: vipande vinane kamili, na cha tisa chenye mistari 427. Kila kipande alikipa namba juu yake, moja ya tisa, mbili ya tisa, na ndiyo sababu tulijua bila kubahatisha kwamba kilichopungua ni cha sita.

Njia yenyewe ilikuwa ndefu. Shangazi, dada yake Baba, alifanya kazi kwenye shirika la mambo ya afya lililokuwa kwenye FidoNet, mtandao ulioanzishwa na Tom Jennings huko San Francisco mwaka 1984. Katika FidoNet hakuna mtambo uliounganishwa na mwenzake mchana kutwa. Kompyuta moja inaipigia nyingine simu usiku, wakati simu ni rahisi, zinapeana barua, zinakata. Miaka hiyo barua nyingi za mashirika ya Afrika Mashariki zilipita GreenNet, London, na kutoka hapo zikavuka hadi Nairobi, kwenye kituo cha shirika la mazingira la ELCI, ndipo zikagawanywa. Baadhi ya hospitali na vyuo vya Afrika vilikuwa na njia nyingine, satelaiti ndogo iitwayo HealthSat-2, iliyorushwa Septemba 1993 kwa ajili ya shirika la Satellife la Boston. Ilipita juu mara chache kwa siku, ikipokea barua upande mmoja wa dunia na kuzishusha upande mwingine. Shangazi alipotusimulia hayo, Bibi alitoka uani akatazama juu, akauliza kama inaonekana kwa macho.

Ofisi ilimruhusu Shangazi kuchukua barua zake kwa simu akiwa nyumbani, na nyumbani kwake ndiko kwetu. Alikuja na modemu ya ofisi, kijisanduku chenye taa nyekundu cha kuunganisha kompyuta na simu, akakaa siku hiyo hiyo na Baba kuzungumza habari ya simu.

Hapa sina budi kuieleza simu ya Baba. Ilikuwa ya kuzungusha, ipo sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, na kwenye tundu mojawapo la namba Baba alikuwa ameweka kufuli dogo ili mtu asiweze kuzungusha. Ufunguo ulikaa kwenye mkanda wake. Mtaa mzima ulikuja kupokea simu kwetu, lakini kupiga ulipiga kwa idhini ya Baba tu. Shangazi alimweleza kwamba modemu haipiti kwenye kitufe wala tundu. Inachomekwa ukutani, nayo hupiga namba yenyewe kwa kuukata na kuuunga waya haraka haraka. Baba alilitazama kufuli lake kwa muda. Akasema, “Dada, kumbe hii simu ilikuwa wazi siku zote.”

Alikubali, kwa sharti kwamba ipigwe usiku na isizidi nusu saa. Modemu ile ilipitisha biti 2,400 kwa sekunde, yaani takriban herufi 240. Vipande tisa vilikuwa na herufi zaidi ya laki nne. Piga hesabu: nusu saa kasoro kidogo, kama hakuna kitakachoharibika.

Kiliharibika. Simu za kuzungusha zilikuwa na tabia kwamba modemu ikianza kupiga namba kwenye waya ule ule, kengele ya simu hudonoa kidogo: ting, ting, ting. Sisi watoto tulioizunguka kompyuta barazani hatukuisikia. Bibi aliisikia. Katika nyumba yetu simu ya usiku ilikuwa na maana moja tu, msiba, na Bibi alishazika watu wa kutosha kulijua hilo. Aliamka, akajifunga kanga, akapapasa gizani mpaka sebuleni, akainua mkonga na kuuliza, “Nani amefariki?” Akajibiwa na mlio ule mkali wa modemu mbili zikizungumza. Taa nyekundu zikazimika. Mawasiliano yamekatika.

Mama alitaka kulia. Shangazi hakuwa na wasiwasi, na sababu yake naieleza kwa sababu ni kazi nzuri ya mtu. Chuck Forsberg alitengeneza mwaka 1986 utaratibu wa kupokea mafaili kwa modemu uitwao ZMODEM, na mojawapo ya faida zake ni kwamba mawasiliano yakikatika, simu inayofuata inaanzia pale pale ilipoishia. Kilichokwisha kufika hakitumwi tena. Shangazi alipiga upya, na hesabu ikaendelea kutoka ilipokuwa. Bibi naye, alipoelezwa kwamba ni barua za Mjomba zinazoingia, alivuta kiti akakaa kando ya simu na tasbihi yake mkononi, na mtu yeyote aliyenyanyuka kitandani usiku ule alikutana naye.

Kwa hiyo upotevu wa kipande cha sita haukutokana na nyumba yetu. Hakikuwa kimefika hata kwenye kompyuta ya ofisi. Shangazi akaandika Uingereza, jibu likaja na kipande, na Mama akaanza kazi ya kuviunganisha.

Kila kipande kilikuwa na vichwa vya barua juu: kimetoka wapi, kimepita malango gani, saa ngapi. Vyote hivyo vilitakiwa kukatwa bila kugusa mstari hata mmoja wa mzigo wenyewe. Mama alikuwa mzuri kwa kazi hiyo kuliko sisi tuliojidai tunajua kompyuta. Alishazoea kusafisha rasimu za mabosi. Alifungua kila faili, akatoa vichwa, akaacha cha kwanza kikianza na mstari usemao begin na jina la faili, na cha mwisho kikiishia na end. Akaviunga kwa amri ya DOS vikawa faili moja. Akaita uudecode. Faili lilitoka bila shida, likaitwa KADI.ZIP. Lakini tulipotaka kulifumua, programu ya kufumua ilikataa: sehemu baada ya sehemu ikasema imeharibika.

Siku hiyo umeme ulikatika, maana ulikuwa wakati wa mgao, na nadhani ile saa ya giza ilitusaidia. Umeme uliporudi Mama hakurudia amri yoyote. Alilifungua faili la maandishi, lile la mistari 6,827, akalitembeza taratibu kwenye kioo. Hebu fikiria ukurasa wa namna hii: karibu kila mstari unaanza na herufi M, kwa sababu baiti 45 ukiongeza 32 unapata 77, na 77 ni M. Baada ya M inafuata alama isiyosomeka, mabano, asilimia, koma, herufi kubwa, tena na tena, bila neno hata moja. Sisi tuliona fujo. Mama aliona ukurasa. Kwa miaka yake yote ya kazi alikuwa akifundishwa kuangalia pambizo la kulia, na sasa aliweka kidole kwenye kioo akasema, “Huku hakujanyooka.”

Ni kweli. Mistari karibu yote ilikoma mahali pamoja, kwenye alama ya 61. Hapa na pale mmoja ulikoma kwenye 60, na ukiendelea kutazama, mmoja kwenye 59. Ukingo wa kulia ulikuwa umemegeka mfano wa mkeka uliotafunwa na panya.

Shangazi aliandika tena, na jibu la Mjomba ni barua ambayo Mama aliichapa na kuibandika ukutani. Toleo la uuencode alilotumia lilikuwa la zamani, ambalo sifuri huandikwa kwa nafasi tupu. Fungu la biti sita zote sifuri linakuwa 0, ukiongeza 32 unapata alama namba 32, nayo ni nafasi. Nafasi ikiwa katikati ya mstari haina tatizo. Ikiwa mwisho wa mstari, kuna malango ya barua yanayoiona haina kazi na kuifuta. Kwa wastani jambo hilo huangukia mstari mmoja katika kila 64, yaani kwenye faili letu mistari mia moja na kitu. Matoleo mapya yaliacha nafasi yakatumia alama ya ` badala yake, kwa sababu alama hiyo ni namba 96, na ukitoa 32 inabaki 64, ambayo kwa biti sita ni sifuri vilevile. “Dada,” aliandika, “kila mstari mfupi, malizia kwa ` mpaka ufike 61. Usiweke nafasi, utashindwa kuziona.”

Taipureta ya Mama haikuwa na alama hiyo. Kwenye kibodi ya kompyuta ilikuwepo pembeni kushoto, kabla ya 1, na sidhani kama alishawahi kuigusa.

Walifanya kazi hiyo Mama na Baba. Baba, mwenye kufuli, alishika rula ya mbao akaisimamisha kwenye kioo pale alama ya 61 ilipo, na mstari usioifikia rula aliutaja. Mama aliweka alama, moja au mbili, akahifadhi, wakaendelea. Wakahifadhi mara kwa mara kwa kuuhofia mgao. Bibi aliwaletea chai. Sijawahi kuona kazi ya kompyuta iliyofanyika namna hiyo tena, na naitamani. Faili lile lilikuwa na sura. Mtu asiyejua kuandika hata amri moja ya programu aliweza kulitazama, akaona lilipoumia, akalitibu kwa mkono. Viambatisho vya leo kwa kawaida hufika vizima au havifiki, na vikifika vimeharibika hakuna mpiga chapa duniani atakayegundua wapi.

Mabadiliko hayo yalishaanza, ila yalikuwa hayajafika njia yetu. Nathaniel Borenstein na Ned Freed walichapisha mwaka 1992 utaratibu wa MIME, unaotumiwa na barua pepe hadi leo, na tarehe 11 Machi mwaka huo Borenstein alituma kiambatisho cha kwanza cha aina hiyo: picha na sauti ya kikundi chake cha waimbaji wanne. Alama walizochagua hazina nafasi wala ` ndani yake, ni herufi, tarakimu, alama ya kujumlisha na mkwaju. Waliosumbuliwa na kingo zilizomegeka ndio waliowafundisha.

Mama akaita uudecode mara nyingine, kisha akaita programu ya kufumua. Hii ilikuwa ya Phil Katz wa Milwaukee. Katz alianza kwa kutengeneza programu ya kubana yenye kasi kuliko ARC, ya kampuni ya Thom Henderson. Kampuni ikamshtaki mwaka 1988, na mwaka uliofuata akatoka na muundo wake mwenyewe, ZIP, akaweka maelezo yake wazi ili yeyote autumie. Ndiyo maana umedumu. Faili la Word lenye docx mwishoni ni ZIP, programu unayopakua kwenye simu ya Android ni ZIP, na ukiyafungua kwa ndani yanaanza na herufi PK, jina lake kwa kifupi. Alifariki Aprili 2000 akiwa na miaka 37, peke yake, baada ya miaka ya ulevi. Huwa nasikitika kila nikiziona herufi hizo.

Ndani ya ZIP kila faili lina namba ya ukaguzi, inayokokotolewa upya wakati wa kufumua. Ikilingana, neno OK linatokea. Yalitokea moja baada ya jingine, nyumba nzima ikiyasoma kwa sauti, mpaka faili la herufi za madoido likakataa. Namba haikulingana. Namba hiyo hukwambia faili gani limeumia, haikwambii wapi. Mama akarudi kwenye maandishi na Baba akarudi na rula. Waliupata kwenye kipande cha tatu: mstari uliokuwa na alama 60, ulihitaji ` mbili ukapewa moja. Kila mstari husimbuliwa peke yake, kwa hiyo kosa halikuwa limevuka kwenda kwa jirani zake. Alama moja, na faili likapita.

Kadi zilichapwa Ijumaa usiku, maua ya waridi pembe zote nne, majina ya maharusi kwa herufi za mkato wa kalamu. Printa ililia mpaka umeme ulipokatika, ikamaliza asubuhi. Mama wa bi harusi alizipokea kabla ya kikao akazihesabu mbele yetu.

Programu ilikuwa na ujumbe wa mtunzi wake: itumie, wagawie wenzako, na ukiona inakufaa nitumie dola kumi. Desturi hiyo ya kuomba malipo kwa hiari waliianzisha Wamarekani wawili, Andrew Fluegelman na Jim Knopf, mwaka 1982. Mjomba aliona kwamba mtu wa Magomeni hatadaiwa. Mama alikasirika. “Nile jasho la mtu kwa sababu yuko mbali?” Mjomba akalipa huko huko, na Mama akamrudishia kwa vitenge na dagaa, alivyompa msafiri.

Habari zilifika ofisini kwa Shangazi. Wenzake walikuwa na mafaili yao yaliyokataa kufumuka, na wakaanza kuja barazani na diski mkononi: “Shikamoo mama, nimeambiwa wewe unanyoosha kingo.” Wa kwanza alikuwa daktari mwenye vipande kumi na viwili. Ukingo wake ulikuwa mzima, lakini kipande cha nne kilikatwa katikati, hakina mistari yake yote. Mama alimwambia aombe kitumwe upya, akamtoza bei ya kuchapa ukurasa mmoja.